Wimbo wa Nne, Upande wa Kushoto

Tarehe 4 Februari

Chiriku wangu,

Pokea salamu zangu na za shangazi yako, ambaye amesimama nyuma yangu hapa kuhakikisha nimemtaja. Sisi wazima. Mgongo unanisumbua asubuhi, lakini nikishaanza kugonga bati nausahau. Wewe je, hali yako? Unakula? Shangazi yako anasema kwenye picha ya mwisho umekuwa shingo tupu.

Nimeamua kuandika barua kwa sababu simu siku hizi imenichosha. Inavuma, inakatakata, nusu ya maneno yako yanabaki njiani. Usinipigie kwa sasa, niandikie. Muda wa kusoma ninao, na miwani mipya inafanya kazi yake.

Sasa nije kwenye shida yangu. Tangu ile albamu itoke, mtaa mzima unaipiga. Kinyozi anaipiga, duka la dawa linaipiga, hata mama wa viazi anaipiga. Nami unanijua, sikukaa kimya. Nimemwambia kila anayekuja kununua sanduku kwamba anayemwitikia yule nyota ni mtoto wangu wa kumzaa. Nimewaambia na wasionunua. Basi juzi fundi redio, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, kaja na redio yake mpaka ndani ya karakana, kaiweka juu ya meza yangu ya kukunjia bati mbele ya watu, kaniuliza: "Haya mzee, binti yako yuko wapi humu? Tuonyeshe." Wimbo ukapita, na wa pili, na wa tatu. Nikasema, pale. Akasema, pale ni kinanda. Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Mimi si mtu wa kuchekwa kwenye karakana yangu mwenyewe. Niandikie ni wimbo upi, sehemu ipi, na sauti yako inafanya nini hapo. Nielekeze kama unavyomwelekeza mgeni njia. Ni miaka mitatu tangu uondoke, na kuimba ndiko kulikokupeleka huko. Nataka kukusikia, mwanangu, hilo tu.

Kazi inakwenda. Shule zinafunguliwa, masanduku yanatoka. Mawili yamerudishwa, ati mshono wa pembeni umeachia. Wanafunzi wa siku hizi sijui wanajaza mawe humo.

Mimi baba yako,
Fundi Masanduku


Tarehe 21 Februari

Baba, shikamoo.

Na shangazi shikamoo, asinune kwa kutajwa wa pili. Mimi mzima kabisa. Shingo ni ile ile, aliyenipiga picha alichuchumaa. Nakula vizuri. Hapa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli tunapewa chakula cha mchana, na mvuke umenilainisha mikono mpaka ukinishika utadhani sifanyi kazi. Kutwa nzima tunalisha mashuka kwenye mashine ya kupigia pasi, mimi nimeshika pembe hii, mwenzangu ameshika pembe ile, na tusipokwenda sawa shuka linatoka na kunyanzi na msimamizi anatutolea macho. Mgongo wako unanitia wasiwasi. Shangazi aukande kwa maji ya moto, usimkimbie.

Sasa nikuelekeze. Ni wimbo wa nne, baba. Hesabu kutoka mwanzo, wa nne. Kuna kiitikio cha kwanza, humo simo. Subiri cha pili, pale wanapoimba "kesho, kesho, umenizoesha kesho." Waitikiaji tulikuwa wanne, wawili walirekodiwa upande wa kulia na wawili kushoto. Mimi ni kushoto, sauti ya juu. Tuliimba siku moja, toka asubuhi mpaka jioni. Nyota mwenyewe alikuja mara moja, akala biskuti, akanisalimia kwa jina la mwenzangu, akaondoka.

Fundi redio usimlaumu sana. Hata mimi nimejitafuta kwenye simu yangu nisijipate. Fundi mitambo wa studio alishatueleza: wimbo ukitoka pale, kwa ajili ya redio na simu hubanwa ili uwe mwepesi kubebeka. Kompyuta hutoa vile vidogo inavyodhani sikio halitaviulizia, kama shangazi anavyotufungia mizigo ya safari na kuacha nyumbani kila anachoona hatutakikumbuka. Nami ni kidogo humo, baba. Nimetolewa na vidogo wenzangu.

Lakini albamu hiyo hiyo inauzwa pia ikiwa nzima, haikubanwa, kila kitu kimo kama kilivyotoka studio. Hiyo ndiyo niliyoinunua, nimeiweka kwenye fleshi iliyomo ndani ya bahasha hii. Mimi mwenyewe sijaisikiliza, hedifoni zangu zimekufa upande mmoja na simu yangu ina spika ya kujulisha tu kwamba kuna mtu anapiga. Wewe ndiye utakayenisikia kwanza.

Masharti ni haya. Mwambie fundi redio aichomeke kwenye kompyuta yake na asikilize kwa waya. Asiitume kwenye simu, asitumie zile spika zisizo na waya, maana huko nako itabanwa upya na nitapotea mara ya pili. Hedifoni kubwa, za kufunika masikio, kwa waya. Halafu mwambie aniombe radhi kwa maandishi.

Ila simu nayo, baba, hata dakika moja? Mbona nikimpigia shangazi inasikika vizuri?

Binti yako,
Chiriku


Tarehe 29 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu, na shangazi yako amekusamehe. Hapa hatujambo. Mgongo ulikandwa mpaka nikaomba msaada kwa majirani. Natumaini na wewe mvuke huo haukuingii kifuani.

Barua ilifika siku ya Jumanne, na fleshi salama. Shangazi yako aliificha kwenye kopo la majani ya chai, akasahau kwamba kaificha, tukapekua nyumba nzima siku mbili. Alhamisi ndiyo nikaipeleka kwa fundi redio. Nikamsomea masharti yako yote, hili la waya nikalisoma mara mbili. Alikuwa na hedifoni kubwa nyeusi zilizoachwa na mteja ambaye hakurudi kuzichukua, zinafunika sikio lote na shavu. Nikavua kofia, nikakaa kwenye kigoda chake, nikamwambia atoke nje. Duka ni lake lakini alitoka.

Nikahesabu nyimbo. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ulipoanza nilishika magoti. Kiitikio cha kwanza kikapita, nikasema humo hayumo. Kikaja cha pili.

Nimekusikia.

Umeingia taratibu kutoka kushoto, ukapanda juu ya wengine wote, na pale mwisho ukaikunja sauti kidogo kama ulivyokuwa ukifanya ukiosha vyombo, ukidhani mimi nimelala. Ni wewe kabisa. Nikamwita fundi redio airudishe, nikakusikia tena. Mara tatu nimekusikia. Machozi yalinitoka, na sioni aibu kukwambia, nimeshakula chumvi ya kutosha.

Kisha bwana mkubwa huyu akavaa yeye. Kakunja uso, kafumba macho, kavua, kasema, "Mzee, kushoto hakuna mtu." Nikamwambia masikio yake yameharibika kwa kuchokonoa redio za watu. Akasema, "Mimi nasema ninachosikia." Tukatupiana maneno pale mpaka mama wa viazi akaja kutuamua. Siku ya tano leo hatusalimiani. Akipita karakanani nagonga bati kwa nguvu zaidi. Binti yangu hawezi kukanushwa na mtu anayepitisha siku kutafuta waya uliokatika.

Usijali maneno yake. Mimi nimekusikia, na mtaani nimetangaza. Endelea kuimba huko. Wakikuita tena uende, hata ukiwa umechoka na mashuka.

Mimi baba yako, mwenye kichwa kikubwa mwezi huu,
Fundi Masanduku


Tarehe 2 Mei

Baba, shikamoo.

Natumaini nyote wazima, na kwamba mmeshasalimiana na fundi redio. Mimi mwili hauna neno. Nimechelewa kujibu. Hii ni barua ya tano naiandika, nne nimezichana.

Baba, kabla barua yako haijafika, nilikuwa nimeshaisikiliza ile albamu. Siku yangu ya mapumziko nilikwenda studio, nikamwomba fundi mitambo anisikilizishe albamu nzima, isiyobanwa, nipate na mimi kujua ulichokipata. Ni mtu mwema. Alinikalisha kwenye kiti chake, katikati ya spika mbili kubwa kuliko mimi, akafunga mlango. Sijawahi kusikia kitu namna ile. Kidole kikiteleza kwenye waya wa gitaa unakisikia. Yule nyota akimeza mate kabla ya kuanza unamsikia. Nilicheka peke yangu nikijua zamu yangu inakuja.

Kiitikio cha pili kikaja, na kushoto hapakuwa na mtu.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Mara ya tatu akaniangalia, akafungua faili zake, akatafuta. Kisha akaniambia kwamba siku ya mwisho ya kuchanganya sauti, watu wa yule nyota waliona kiitikio kimejaa mno, wakaamua sauti mbili za kushoto zitoke. Zikatoka. Kwenye orodha jina langu lipo bado, na yeye alidhani tumeshaambiwa. Kumbe si redio iliyonipoteza, baba. Simo. Kwenye hiyo albamu nzima, yenye kila kitu, simo.

Nilirudi kazini nikiwaza namna ya kukuandikia. Baada ya siku kumi ikaja barua yako. Niliisoma nimekaa juu ya kapu la mashuka machafu, nikaisoma tena, na mwenzangu akaniuliza nani amefariki.

Baba, ulisikia nini?

Sikuhukumu. Nauliza tu, maana sasa mambo mengine yananijia kichwani. Simu iliyoanza kukatakata kwako peke yako. Masanduku yaliyorudi. Wewe hujawahi kuachia mshono tangu nikujue. Ulikuwa ukimaliza sanduku unalifunga, unagonga kila pembe kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, na pembe ikilia vibaya unaifungua upya hata kama mwenye sanduku amesimama anasubiri. Pembe hizo bado unazisikia?

Niambie ukweli hata kama ni mbaya. Niko mbali, siwezi kukukagua usoni.

Binti yako,
Chiriku


Tarehe 8 Julai

Chiriku wangu,

Marahaba. Tunaendelea. Wewe, natumaini u mzima. Miezi mitatu sijakuandikia, na shangazi yako kila Jumapili ananiwekea karatasi na kalamu mezani, anaondoka bila kusema kitu. Leo nimekaa.

Pembe sizisikii. Ni kama mwaka na nusu sasa. Vilianza kuondoka vile vidogo: saa ya ukutani, ndege wa asubuhi, shangazi yako akininong'onea kanisani, na huo mnong'ono sikuulilia. Nikajua ni nta. Nikamwagia mafuta ya moto, nikachokonoa, nikafanya kila ujinga. Baadaye zikaanza kuondoka na sauti za watu. Mteja anaongea, naona mdomo, napata neno moja moja, najibu kwa kukisia. Wengi wanadhani nimekuwa na dharau.

Nilikwenda hospitali mwezi wa kumi na moja, sikukwambia. Daktari wa masikio aliniingiza kwenye kibanda chenye kioo, akanivisha hedifoni, akaniambia kila nikisikia mlio nibonyeze kitufe. Nikakaa na kitufe changu mkononi nikimsubiri aanze. Baada ya muda alifungua mlango akasema tumemaliza.

Ni bati, mwanangu. Miaka thelathini na minne ya nyundo juu ya bati bila kuziba masikio. Tulikuwa tukiwacheka waliokuwa wakiweka pamba. Daktari anasema kilichokufa ndani hakifufuki. Alinijaribisha kile kifaa cha kuvaa sikioni, kinaongeza kelele, maneno hakiongezi. Sauti za juu zimekwenda, za katikati zinafuata, na alisema nisitegemee sana kuvuka mwaka huu nikiwa bado nasikia. Za chini bado. Mlango ukibamizwa naupata. Ngoma ya ule wimbo niliipata vizuri.

Hiyo ndiyo niliyoisikia. Ngoma, na juu ya ngoma hakuna kitu. Lakini wewe ulikuwa umeniandikia kwamba upo hapo, kwa hiyo nilijua upo, ni mimi tu nisiyekufikia. Nikafumba macho nikakuweka mahali uliposema. Niliona aibu. Umenunua albamu, umeituma, umenipangia na masharti, halafu nikuandikie kwamba baba yako ni kiziwi? Nikaogopa pia utaacha kazi urudi, au utaacha kuimba. Nilidhani aliyekosa kitu ni mimi. Kumbe tulikosa wote, kila mtu kwa njia yake, na fundi redio peke yake ndiye aliyekuwa anasema kweli. Nilikwenda kumwomba radhi. Alisema maneno mengi ambayo sikuyapata, nikaitikia yote.

Sasa nina swali. Mimi nikikata bati, kipande kinachobaki huanguka sakafuni. Hakiyeyuki. Wewe walipokukata, walikuweka wapi? Mwulize huyo fundi wako mwema. Kama kipo, nitumie hicho kipande, wewe peke yako, bila ngoma, bila gitaa, bila mtu mwingine wa kunichanganya. Sikio la kulia lina kitu kidogo kimebaki, asubuhi hasa, kabla sijaanza kazi. Kazi nimeipunguza. Ninakunja tu, sigongi sana. Wateja wenyewe wamepungua, kwa hiyo tumekubaliana.

Fanya haraka kidogo, mwanangu.

Baba yako


Tarehe 1 Agosti

Baba, shikamoo.

Barua yako niliipata siku nne zilizopita na hii naiandika wakati wa mapumziko ya mchana, samahani kwa mwandiko. Sitaandika nilivyolia, nimempigia shangazi na utakisoma kilio changu usoni mwake.

Nilikwenda kwa msimamizi kuomba likizo. Alifungua daftari, akanionyesha kwa kidole: mkataba wangu unaisha baada ya miezi kumi na saba, na anayeondoka kabla hapokelewi tena wala haachwi kukaa nchini. Nikamweleza habari za masikio yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema baba yake pia ni mgonjwa, akafunga daftari. Nami najua ukiniona mlangoni sasa hivi bila kazi utanifukuza. Bado nafikiri.

Kipande kipo. Fundi mitambo alikitafuta siku mbili kwenye mashine zake za zamani, akakipata. Ni mimi peke yangu, tangu wimbo unapoanza mpaka unapokwisha, hakijakatwa wala kubanwa. Sikutaka hata kukisikiliza kwanza, nilisema kiwahi kwako. Nimeiweka fleshi ndani ya kipande cha shuka lililochanika ili isigongwegongwe njiani. Posta wameniahidi wiki tatu.

Asubuhi, baba. Sikio la kulia. Kabla hujashika nyundo. Ikiwezekana usishike nyundo kabisa mpaka ifike.

Binti yako,
Chiriku


Tarehe 30 Septemba

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Uzima upo. Fleshi ilichukua wiki saba, sijui walikuwa wakiisikiliza wao kwanza. Sikushika nyundo siku zote hizo. Karakana imepoa, paka wa mama wa viazi amezaa ndani ya sanduku nililoliacha wazi.

Fundi redio alikuja mwenyewe nyumbani na kompyuta na zile hedifoni, asubuhi na mapema, kabla ya mtaa kuamka. Alinivisha yeye. Akaongeza sauti mpaka shangazi yako, aliyekaa upande wa pili wa chumba, akashtuka. Nikakaza roho, nikafumba macho. Nikasubiri. Nikafumbua, nikamwonyesha fundi kwa mkono kwamba aanzishe. Akanionyesha kidirisha cha kompyuta: ilikuwa imeshafika katikati.

Sikusikia kitu. Safari hii nakuandikia kama kilivyokuwa. Tumejaribu asubuhi nne. Hata ngoma sasa imekwenda, nikibamiza mlango naona tu ukuta ukitikisika.

Shangazi yako alisikiliza baada yangu. Nilikaa mbele yake nikimwangalia usoni, labda ningepata chochote. Mwanzoni alitulia, kisha akatabasamu, sijui kwa nini, kisha akaziba mdomo. Nikamwuliza ni nini. Alijibu, nadhani kwa kirefu, akisahau. Fundi redio akachukua karatasi akaniandikia: "Yupo. Anaimba vizuri." Nikaisoma ile karatasi, nikaigeuza nyuma, hakuna zaidi. Vizuri ndiyo nini? Vizuri ni neno la mgeni aliyepewa chakula. Nimekasirika na nikashindwa hata kujua namkasirikia nani, maskini ameacha duka lake siku nne kwa ajili yangu.

Usirudi kwa ajili hii. Nimeona unaandika bado unafikiri. Ukirudi utanikuta na midomo yako ikicheza tu mbele yangu, nami sitavumilia. Maliza mkataba.

Ila nakuomba kitu kimoja. Kaa ukisikilize hicho kipande, uniandikie kilichomo. Chote, sekunde kwa sekunde. Usinipunguzie, usinichagulie lililo muhimu. Kama kuna kikohozi, andika kikohozi. Macho bado ninayo.

Baba yako


Tarehe 19 Oktoba

Baba, shikamoo.

Shangazi shikamoo pia, na fundi redio mpe mkono. Mimi mzima. Nimekwenda studio siku mbili za mapumziko mfululizo. Fundi mitambo alikuwa akisimamisha kila ninapoinua kidole, nami naandika. Hiki ndicho kilichomo.

Sekunde ya kwanza mpaka ya sita ni chumba kitupu. Unakisikia kikivuma kwa mbali, fundi anasema ni umeme ndani ya kuta.

Ya saba, nahamisha miguu. Viatu vilikuwa vya kuazima na vilinibana.

Ya kumi na moja nasema "tayari." Nimesema kidogo mno, inasikika nusu.

Kisha muda mrefu siimbi, kwa sababu wimbo ulikuwa ukipita masikioni mwangu tu na mikrofoni haikuupata. Ni mimi nikisubiri. Sekunde ya thelathini nageuza karatasi ya maneno, ingawa maneno nayajua. Ya thelathini na nne nairudisha. Ya arobaini na tisa tumbo linanguruma. Fundi alicheka hapo, akasema ndiyo maana watu wa sauti hawapendi waitikiaji wenye njaa. Nilikuwa sijala tangu jana yake, baba, kwa woga.

Dakika moja na sekunde mbili nakohoa. Namwomba mtu radhi, chumbani hamna mtu.

Dakika moja na sekunde ishirini nacheka kwa pua. Mwenzangu alikuwa nyuma ya kioo ananitengenezea uso. Nadhani hapo ndipo shangazi alipotabasamu.

Dakika moja na sekunde arobaini nafuatisha wimbo mdomo umefungwa, chini chini, bila maneno. Sikujua kama nafanya hivyo.

Dakika moja na sekunde hamsini na nane navuta pumzi. Inaingia kwa mdomo, ndefu, na inatetemeka kidogo mwishoni, kisha inasimama.

Dakika mbili kamili naimba.

Hapa, baba, nimeandika na kufuta siku zote mbili. Niliandika "nyembamba," nikafuta. Niliandika "inapanda," nikafuta, kwa sababu ngazi nayo inapanda. Nilimwuliza fundi mitambo, akanipa namba, akanionyesha na mchoro wake kwenye kioo cha kompyuta, milima midogo midogo. Nimeunakili pembeni ya karatasi hii lakini nikiutazama siuoni wimbo. Nilimpa mwenzangu wa mashuka asikilize, akasema inafanana na mimi. Nikafikiri kuandika kwamba ni vizuri, nikakumbuka ulivyokasirika. Maneno ninaweza: "kesho, kesho, umenizoesha kesho," mara mbili, na neno la mwisho nimelivuta. Ni sekunde kumi na nne. Zimo zote kwenye fleshi uliyo nayo, safi, hakuna kilichopungua hata chembe, nami sina namna ya kuzitoa humo nikazileta kwako. Nisamehe.

Dakika mbili na sekunde kumi na tano nimenyamaza. Karatasi inaanguka.

Dakika mbili na sekunde kumi na tisa nauliza, "Nirudie?" Nimeuliza kwa sauti ya kawaida, ile ya nyumbani.

Hakuna anayejibu. Baada ya hapo ni chumba tu kinavuma, mpaka mwisho.

Binti yako,
Chiriku